Uzoefu wangu na rola ya kuchulia misuli: kwenye kigimbi iko vizuri, kwenye kisigino hapana

Wadau wa mbio, naona watu wanaziulizia sana hizi rola za kuchulia misuli, hasa wanaojiandaa na Kili Marathon. Mi ninayo na nimeitumia toka nianze mazoezi ya kilomita 42 kwaiyo wacha niwape ukweli wake.

Nilichukua Kariakoo kwa 35,000 baada ya kuvutana bei sana, ile ngumu yenye bomba la plastiki katikati afu juu imevikwa sponji yenye vinundu vinundu. Muuzaji aliniambia inatibu mgongo, nyonga, goti, kisigino na kitambi inakata, yani alibakiza kidogo tu aseme inaleta na mchumba.

Kwenye vigimbi na mapaja kiukweli sina cha kulalamika. Dar si mnajua ni tambarare, sasa ukitaka mguu uzoee kile kipande cha Kili Marathon cha kupanda kuelekea Mweka inabidi utafute vilima Pugu na Kisarawe huko, na ukirudi jioni vigimbi vimekaza hata kuchuchumaa huwezi. Hapo ndo rola inafanya kazi. Unakaa chini unalaza mguu juu yake, mguu wa pili unaupandisha juu ya huo wa kwanza kuongeza uzito, unajinyanyua na mikono unajisogeza mbele nyuma taratibu, ukikuta pale panapouma hasa unatulia unahema mpaka paachie. Dakika mbili kila mguu zinatosha, haina haja ya kujitesa mpaka machozi. Kama nyumbani sakafu ni vigae tandika mkeka maana inateleza vibaya, na wenye vinyweleo vaeni soksi ndefu, vile vinundu vinang'oa.

Sasa tuje kwenye kisigino. Mimi kilichonisumbua ni ile kano ya nyuma (Achilles), ule mshipa mgumu unaounganisha kigimbi na mfupa wa kisigino, asubuhi ukishuka kitandani hatua za kwanza unachechemea kama bata, ukizunguka zunguka ndani inaachia, ukianza kukimbia inauma kidogo afu inapotea unajiona umepona, kesho asubuhi hadithi ileile. Muuzaji alisema sugua hapohapo panapouma. Nikasugua, na ikazidi mpaka pakatuna.

Nikaenda kwa dada mmoja wa fiziotherapia, akaibana kano kwa vidole viwili akapanda nayo kutoka kwenye mfupa, alipofika kama inchi mbili juu nikaruka. Akasema rola iishie kwenye nyama ya kigimbi, isishuke kwenye kano, kano haitaki kusuguliwa inataka kubebeshwa mzigo pole pole mpaka iwe imara. Dawa yake ikawa ngazi ya nyumbani bure kabisa: unasimama ukingoni mwa ngazi kwa vidole vya miguu, unanyanyua visigino na miguu yote miwili, afu unashuka na ule mgonjwa peke yake, taratibuuu, mpaka kisigino kipite chini ya usawa wa ngazi. Mara 15 mizunguko mitatu goti limenyooka, halafu hivohivo tena goti limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, wiki 12. Zoezi lenyewe lilitangazwa na daktari wa Sweden anaitwa Håkan Alfredson mwaka 1998 na mpaka leo linatumika. Ila kama wewe panauma chini kabisa, pale kano inaposhikana na mfupa, usishushe kisigino chini ya ngazi, ishia usawa, otherwise unaikandamiza zaidi.

Kukimbia hakunikataza, milima ndo aliiweka pembeni kwa muda maana kupanda kunaivuta sana hiyo kano, nikawa nazunguka zangu Coco Beach mpaka Daraja la Tanzanite mdogo mdogo. Nafuu niliiona polepole sana, usitegemee wiki moja.

Vingine nilivyojaribu: jeli ya diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya kupaka, inatuliza lakini ikiisha nguvu uko palepale. Tepu za rangi zile za wanamichezo, jasho la Dar lilizibandua kabla hata sijafika Salenda, hela imeenda bure.

Na kama ukiwa unakimbia ukasikia "pa!" nyuma ya mguu kama mtu kakupiga teke afu ukashindwa kusimama kwa vidole, hapo mambo ya rola wala ngazi hayapo, hospitali siku hiyohiyo, inaweza kuwa kano imekatika.

Kwaiyo rola naipa nyota 4 kati ya 5 kwa misuli, kwa kano sifuri. Ukienda kununua ikandamize na goti pale dukani, ile laini ya sponji tupu inabonyea na baada ya muda inabaki na shimo, hii yenye bomba ndani yangu bado iko vilevile. Vinundu visiwe virefu sana, na ukiambiwa 60,000 cheka tu uondoke, atakuita.