Miezi minne na vimeng'enya kwenye chakula cha kuku wangu wa mayai

Nafuga kuku wa mayai 300 hapa Morogoro, na chakula nachanganya mwenyewe. Mahindi yalipopanda bei niliyapunguza, nikaongeza pumba za ngano na mashudu ya alizeti. Kutaga waliendelea, ila kinyesi kikawa kinanata kama uji mzito. Kati ya trei nane za siku, karibu mbili zilikuwa za mayai yaliyopakaa, na mwenye duka ninayempelekea hapokei yai chafu.

Bwana mifugo akanishauri vimeng'enya, yaani vitu vinavyosaidia kuvunja chakula tumboni; hivi ni mchanganyiko wa fitasi na zilanasi. Alinieleza kwamba ngano ina nyuzinyuzi ambazo kuku hawezi kuzivunja, zinavuta maji na kugeuka utelezi tumboni, zilanasi huzikatakata. Fosforasi ya pumba na mashudu nayo, sehemu kubwa imefungwa ndani ya fitati, kitu cha kwenye mbegu ambacho kuku hawezi kukivunja vizuri, kwa hiyo inapita tu na kuishia kwenye maranda. Fitasi ndiyo inayoifungua.

Pakiti ya kwanza niliipoteza. Kipimo ni gramu 10 kwa kilo 100 za chakula, yaani unga wa kijikoni tu, nami niliunyunyiza juu ya lundo nikageuza kwa beleshi. Wiki mbili sikuona kitu. Sasa napima kwa kimizani cha betri, nakoroga kwanza na kilo moja ya mahindi yaliyosagwa laini kwenye beseni, ile kilo naichanganya na kilo kumi, ndipo inaingia kwenye lundo. Beleshi linageuza mara tatu. Kazi inachosha, lakini hapo ndipo penyewe.

Wiki ya tatu kinyesi kikaacha kunata, kikaanza kukaa bonge, kina ule weupe juu yake. Mayai ya kufuta sasa hayajazi nusu trei. Idadi ya mayai haijapanda, nisidanganye mtu. Nilichookoa kingine ni DCP, ule unga wa madini ya fosforasi na kalsiamu unaoongezwa kwenye chakula: kwa ushauri wa bwana mifugo nimeshuka kutoka kilo moja na nusu hadi kilo moja kwa kila kilo 100, na maganda bado magumu. Chokaa sikuigusa.

Anayelisha mahindi na soya tupu asitarajie tofauti kubwa hivi. Mwenye pumba nyingi, nunua. Ukitengeneza chakula cha tembe uliza kwanza, maana joto la mashine huua vimeng'enya visivyokingwa. Na pakiti ikishafunguliwa, ikae kwenye ndoo yenye mfuniko ndani ya nyumba, si kwenye stoo ya bati.