Runinga janja kwa anayetumia Kodi, VLC, Plex au Jellyfin: kipi cha kuangalia kabla ya kulipa

Kabla ya kuuliza inchi, uliza mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha runinga. Kwa mtu anayetazama filamu zake mwenyewe kutoka kwenye diski au seva ya nyumbani (kompyuta inayohifadhi filamu na kuzituma kwa runinga), hapo ndipo runinga moja inapoachana na nyingine, na ukikosea hapo hakuna mpangilio utakaokuokoa.

Kodi na VLC, programu za kuchezea filamu, hazina shida kwenye Android TV na Google TV: fungua Play Store, pakua, anza kutazama. Kwenye Tizen ya Samsung hazipo. Kwenye webOS ya LG, Kodi inawezekana kuanzia toleo la 21 lililotoka mwaka 2024, ila lazima uwashe hali ya wasanidi programu. Hali hiyo ina muda wake, na usipouongeza kabla haujaisha, programu inaondolewa. Anayependa kuchokonoa mitambo ataimudu. Kwa runinga ya sebuleni inayotumiwa na familia nzima, hatuipendekezi. Roku, mfumo mwingine wa runinga, haipokei Kodi kabisa.

Plex na Jellyfin ni programu za kutazama filamu zilizo kwenye seva yako. Plex inapatikana kwenye mifumo yote minne. Jellyfin ipo kwenye Android TV, webOS na Roku, lakini itafute kwenye duka la programu la modeli ile ile unayotaka kununua, maana runinga za miaka ya nyuma huachwa njiani.

Tofauti ya makundi haya mawili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kodi na VLC zina uwezo wa kusoma karibu kila aina ya faili zenyewe, na pale chipu ya runinga inaposhindwa hujaribu kuisoma kwa nguvu ya prosesa. Plex na Jellyfin kwa kawaida huegemea kile ambacho runinga yenyewe inakimudu; kisichowezekana, seva hukibadilisha papo hapo huku ukitazama. Kama seva yako ni kompyuta ndogo ya zamani, video ya 4K ikihitaji kubadilishwa itakwamakwama kila baada ya sekunde chache, na utalaumu intaneti bure. Hata manukuu yanaweza kuleta balaa hilo: yale ya Blu-ray ni picha, si maandishi, na mara nyingi seva hulazimika kuyachora juu ya video nzima. Manukuu ya SRT, ambayo ni maandishi matupu, hayana tatizo hilo.

Angalizo kuhusu runinga za bei ya chini zinazoandikwa "Android" tu. Nyingi zinatumia Android isiyo na idhini ya Google, na Play Store ama haipo ama imebandikwa tu. Kodi itafunguka, ndiyo, lakini programu za kulipia kama Netflix huishia picha hafifu au hukataa kabisa, kwa sababu kifaa hakina Widevine L1, kiwango cha ulinzi dhidi ya kunakili video. Tafuta maneno Android TV au Google TV kwenye boksi na kwenye menyu yenyewe.

Sasa sauti, ambako ndiko wengi huumia. Filamu nyingi zilizotolewa kwenye diski za Blu-ray zina sauti iliyobanwa kwa aina iitwayo DTS. Samsung iliacha kuisoma kwenye runinga zake kuanzia modeli za 2018. LG iliiacha mwaka 2020, ikairudisha kwenye modeli nyingi za 2023, kisha ikaiacha tena kwenye modeli za 2025. Dalili yake ni moja: picha inacheza vizuri, sauti hakuna, na pengine ujumbe kwamba aina ya sauti haikubaliki. Faili haijaharibika. Kwa kutumia programu ya ffmpeg kwenye kompyuta unaweza kubadilisha sauti peke yake bila kugusa picha:

ffmpeg -i filamu.mkv -map 0 -c copy -c:a ac3 -b:a 640k mpya.mkv

Kazi hiyo ni ya dakika chache tu, kwa kuwa video inanakiliwa ilivyo. Sauti ya AC3 inasomwa na karibu kila runinga na kila saundiba. Kama una mfumo wa spika wa hali ya juu na unataka sauti kamili ya TrueHD au DTS-HD, hakikisha tundu la HDMI la sauti limeandikwa eARC, njia pana ya kupeleka sauti kutoka runinga hadi spika. ARC ya kawaida haina nafasi ya kuzipitisha.

Mtandao nao una mtego wake. Runinga nyingi, hata za gharama kubwa, zina tundu la waya lenye kikomo cha megabiti 100 kwa sekunde. Video ya diski ya 4K isiyobanwa upya inaweza kufika megabiti 128. Basi usishangae filamu ikisimama kwenye matukio yenye vurugu nyingi ilhali umeunganisha waya mpya. Katika hali hiyo Wi-Fi ya GHz 5, ruta ikiwa chumba kimoja na runinga, inaushinda waya. Kwa faili zilizobanwa za megabiti 20 au 30, waya unatosha na ni tulivu zaidi.

Kumbukumbu usiidharau. Runinga nyingi za Android TV zina hifadhi ya GB 8, na sehemu kubwa imeshachukuliwa na mfumo. Kodi huhifadhi picha za majalada ya filamu, na maktaba kubwa huijaza nafasi iliyobaki hadi menyu inaanza kujivuta. GB 16 za hifadhi na GB 2 za RAM ndicho kiwango tunachokiona cha chini.

Nenda dukani na flashi yako. Iandae kwa exFAT, kwa sababu FAT32 haikubali faili inayozidi GB 4. Weka faili za aina tatu za ubanaji wa video: ya H.264, ya HEVC ya biti 10 yenye HDR (mwangaza na rangi pana zaidi), na ya AV1; ongeza moja yenye sauti ya DTS. Weka pia kipande ambacho kamera inazunguka polepole kuvuka mandhari. Filamu hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Kioo kikibaki Hz 60, yaani kikibadilisha picha mara 60 kwa sekunde, bila kulingana na fremu hizo, mwendo huo utarukaruka kidogo kidogo. Kwenye Kodi tiba yake iko kwenye mipangilio ya Player, sehemu ya Videos: "Adjust display refresh rate", chagua "On start/stop". Ukiweka hivyo na kioo kikakataa kubadilika, umeshajua unachonunua.

Faili za H.264 za biti 10, zinazopendwa na wapenzi wa anime, ni kesi ya peke yake. Chipu nyingi za runinga hazizisomi, na prosesa ya runinga mara nyingi ni dhaifu mno kuzibeba kwa ukamilifu wa 1080p.

Msimamo wetu ni huu: kama Kodi ndiyo maisha yako na hutaki kifaa cha pili, chukua Google TV yenye hifadhi ya kutosha. Kama umependa kioo cha Samsung au LG, kinunue bila hofu, kisha ongeza kisanduku cha Android TV. Kioo kitaishi miaka mingi kuliko masasisho ya programu zake. Ila Samsung haina Dolby Vision, aina mojawapo ya HDR, inatumia nyingine iitwayo HDR10+, kwa hiyo angalia faili zako ni za aina gani. Na ukishachomeka kisanduku, ingia kwenye mipangilio ya tundu hilo la HDMI uwashe "Input Signal Plus" kwa Samsung, au "HDMI Deep Colour" kwa LG. Ikiwa imezimwa, huenda kisanduku kisipate 4K yenye HDR kwa Hz 60, nawe utadhani kisanduku ni kibovu.