TAHADHARI: Wanaouza "rufaa" za SSI na SSDI kwa wasemaji wa Kiswahili Marekani

Ndugu zetu mlioko Marekani, kaeni macho na watu wanaojitangaza kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook kwamba wanamaliza rufaa za mafao ya ulemavu ya Social Security, idara ya hifadhi ya jamii ya Marekani: SSI, ya wenye kipato na mali kidogo, na SSDI, ya waliofanya kazi na kuchangia bima yake. Wanamvizia mtu aliyepata barua ya Social Security inayosema ombi lake limekataliwa, au kwamba fedha anazopokea zitasimamishwa. Wanadai malipo ya awali kwa Zelle au taslimu, wanataka picha ya barua na namba ya Social Security, kisha wanasema wana mtu wao ndani ya ofisi. Huyo mtu hayupo. Kukata rufaa kwa Social Security ni bure, fomu ni bure, na mkalimani wa Kiswahili analipiwa na Social Security yenyewe.

Dola mia kadhaa zinauma, lakini kinachoumiza zaidi ni muda. Una siku 60 za kukata rufaa tangu ulipopokea barua, na Social Security huhesabu kwamba umeipokea siku 5 baada ya tarehe iliyochapwa juu yake. Barua ya tarehe 1 Machi, basi, mwisho wake ni tarehe 5 Mei. Siku ya mwisho ikiangukia wikendi au sikukuu ya serikali, inasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Tapeli anakaa na karatasi zako, anakujibu "inashughulikiwa", na siku zinakwisha. Ukigutuka anakwambia usijali, tutafungua ombi jipya.

Hapo ndipo watu wengi hupoteza haki bila kujua. Ombi jipya si rufaa. Kwa SSI, malipo hayarudi nyuma kabla ya mwezi unaofuata ule ulioomba, kwa hiyo ukianza upya unatupa miezi yote ya ombi la kwanza. Kwa SSDI kuna tarehe ambayo bima yako ya kazi inaisha, na ombi jipya lazima lithibitishe kwamba ulemavu ulianza kabla ya tarehe hiyo. Tena tangu Julai 2011, kwa kawaida Social Security haikubali ombi jipya la aina ileile ya mafao wakati rufaa bado iko wazi. Anayekwambia ufanye vyote viwili kwa pamoja "ili kuongeza bahati" hajui anachokiuza.

Waliokuwa tayari wanalipwa wana muda mfupi zaidi. Kama barua inasema hali yako imepona na mafao yatakoma, una siku 10, na juu yake zile 5 za posta, za kuomba malipo yaendelee wakati rufaa inasikilizwa. Fomu ya rufaa hiyo ni SSA-789, na lazima useme waziwazi kwa maandishi kwamba unataka malipo yaendelee. Ukichelewa, bado unaweza kukata rufaa ndani ya siku 60, ila utakaa bila hela. Ujue pia kwamba ukishindwa mwishoni wanaweza kukudai ulichopokea katika kipindi hicho, ingawa unaruhusiwa kuomba deni hilo lifutwe.

Sasa ofisi. Matapeli wanaishi kwa sababu ofisi ni nyingi na mtu hajui aanzie wapi. Anaandika kwenye intaneti "namba ya rufaa ya ulemavu", na matokeo ya juu kabisa ni matangazo ya biashara yenye rangi za bendera na majina yanayofanana na ya serikali. Anapiga, anapokewa vizuri sana, anatoa kila kitu. Tovuti halisi ni ssa.gov, na angalia kinachofuata mara baada ya .gov: kiwe alama ya mkwaju (/) au kusiwe na kitu. Ikiwa baada ya .gov kuna kistari au nukta na maneno mengine, hapo si serikali. Namba ya taifa ni 1-800-772-1213, Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni kwa saa za eneo lako. Mashine itaongea Kiingereza na kukuuliza maswali. Usibonyeze chochote wala usijibu, subiri mpaka mtu apokee, kisha sema neno moja tu: "Swahili". Atamwita mkalimani kwenye laini. Viziwi wanaotumia TTY wapige 1-800-325-0778.

Kabla ya kupiga, soma barua yako utafute sababu ya kukataliwa, kwa maana sababu ndiyo inayoonyesha nani ana faili. Kama sababu ni ya kiafya, yaani wanasema ugonjwa wako si mzito kiasi cha kukuzuia kazi, uamuzi ulifanywa na ofisi ya jimbo iitwayo DDS kwa niaba ya Social Security. Kama sababu ni kipato, mali zaidi ya dola 2,000 kwa mtu mmoja wa SSI, upungufu wa pointi za kazi (work credits) kwa SSDI, au hadhi ya uhamiaji, hapo DDS haihusiki kabisa. Uamuzi ni wa ofisi ya Social Security ya eneo lako, na kurundika ripoti za daktari hakutasaidia; wanataka taarifa za benki, karatasi za mshahara (pay stubs) au hati za uhamiaji. Wakimbizi wanaokatiwa SSI baada ya miaka 7 wako kwenye kundi hili. Hakuna anayeweza "kuwaongezea muda" kwa malipo. Njia ya kawaida kwao ni uraia, na anayeshindwa mtihani wa uraia kwa sababu ya ulemavu ana fomu N-648 inayojazwa na daktari wake, nayo pia ni bure.

Rufaa ya kwanza, inayoitwa Reconsideration, hupelekwa kwenye ofisi ya eneo lako au kupitia ssa.gov, hata kama aliyekukataa ni DDS. Ofisi ya eneo unaipata kwenye ssa.gov kwa kuandika namba ya posta ya mtaa wako, na ni vizuri kupiga simu uwekewe miadi kabla ya kwenda. Kwa sababu za kiafya unahitaji SSA-561, SSA-3441 inayoeleza kilichobadilika tangu ombi la kwanza, na SSA-827 inayowaruhusu kuchukua rekodi hospitalini. Kwa sababu zisizo za kiafya, SSA-561 inatosha pamoja na ushahidi wako. Kosa linaloua rufaa nyingi ni kuandika "bado naumwa" kwenye SSA-3441 na kuishia hapo. Andika kila kliniki uliyokwenda, majina na vipimo vya dawa mpya, na kile usichoweza tena kufanya: kusimama dakika ngapi, kuinua uzito gani, kulala saa ngapi.

Rufaa ikishafika, faili la kiafya linarudi DDS kwa mchambuzi mwingine. Kuanzia hapo maswali ya kiafya mpigie mchambuzi huyo, namba yake imo kwenye barua atakayokuandikia. Ukipiga 1-800 watakwambia tu kwamba kesi inaendelea. Barua za DDS mara nyingi huja na ukurasa wenye msimbo wa mistari (barcode). Ukituma rekodi kwa faksi, ukurasa huo utangulie juu, maana mashine huutumia kupeleka karatasi kwenye faili lako. Bila huo, karatasi zinaweza kutangatanga kwa wiki kadhaa.

Ukikataliwa tena, unaomba kusikilizwa na hakimu wa Social Security kwa fomu HA-501, siku 60 zilezile. Faili linahamia ofisi ya kusikiliza kesi, ambayo si ile ya eneo lako na mara nyingine iko mji mwingine. Watakutumia barua ya kukiri kupokea yenye anwani, simu na faksi, na ushahidi wote baada ya hapo uende huko. Taarifa ya tarehe ya kusikilizwa huja angalau siku 75 kabla. Ushahidi unatakiwa uwasilishwe, au angalau uwaarifu kwa maandishi kwamba upo, si chini ya siku 5 za kazi kabla ya tarehe hiyo. Ukiupeleka asubuhi ya kesi hakimu anaweza kuukataa. Mkalimani ataletwa bure, ila mwombe mapema na utaje kama ni Kiswahili cha Kongo au cha pwani, tofauti ya msamiati wa magonjwa ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Baada ya hakimu kuna Baraza la Rufaa, fomu HA-520, na mwisho mahakama ya shirikisho ya wilaya. Huko mahakamani tafuteni wakili.

Kuhusu wakili. Msaada halali upo na mara nyingi unafaa, hasa mbele ya hakimu, na si lazima mwakilishi awe mwanasheria. Lakini mwakilishi halali anasaini nawe fomu SSA-1696 na Social Security inamtambua. Bila hiyo hawezi hata kuuliza kesi yako imefika wapi. Ada yake huidhinishwa na Social Security. Katika mkataba wa kawaida ni robo ya malimbikizo utakayolipwa, isizidi kikomo, ambacho kiliwekwa dola 9,200 kuanzia tarehe 30 Novemba 2024, na usiposhinda hakuna ada. Anaweza kukudai gharama halisi, kama za kunakili rekodi za hospitali. Anaweza pia kukuomba uweke pesa kwenye akaunti ya amana, lakini haruhusiwi kuigusa kabla ya idhini. Anayetaka "ada ya kufungua faili" mkononi, hana SSA-1696 na hataki kuacha jina lake popote, achana naye. Mashirika ya msaada wa kisheria hayatozi wasio na kipato. Piga 211 uulize lililo karibu nawe, au tafuta shirika la kutetea haki za watu wenye ulemavu, kila jimbo lina lake.

Kuna mtego mwingine mbaya kuliko wote, na karatasi zake zinafanana na za uwakilishi. Mwakilishi wa rufaa hapokei hela zako za mwezi. Anayezipokea ni mlipwaji wa niaba (representative payee), anayeteuliwa kwa fomu SSA-11 kwa mtu asiyeweza kusimamia fedha zake. Tapeli anakuletea rundo la karatasi usaini, ndani yake kuna maelezo kwamba huwezi kusimamia fedha na unamtaka yeye. Ukishinda rufaa, hela zinaingia kwake. Mtu binafsi akiwa mlipwaji wa niaba haruhusiwi kujilipa hata senti kwa kazi hiyo. Angalia namba ya fomu iliyo kwenye kona ya ukurasa kabla ya kusaini, na usisaini ukurasa mtupu kwa ahadi kwamba utajazwa baadaye.

Simu za vitisho mnazijua: namba yako imefungiwa, polisi wanakuja, lipa kwa kadi za zawadi. Social Security haifanyi hivyo. Lakini hofu hiyo isikufanye upuuze kila simu, kwa sababu wachambuzi wa DDS hupiga kweli, na usipojibu au usipokwenda kwenye uchunguzi wa daktari waliokupangia, wanaweza kukukataa kwa kutoshirikiana. Ukiwa na shaka, kata simu, kisha piga namba iliyo kwenye barua yako. Uchunguzi huo unalipwa na serikali. Anayekudai hela za uchunguzi, za kutafsiri vyeti (Social Security huvitafsiri yenyewe) au za "kufungulia malimbikizo" ni mwizi.

Kama umeshampa mtu rufaa yako na anasema ameituma, mwombe uthibitisho leo. Ya mtandaoni hutoa ukurasa wa uthibitisho, faksi hutoa karatasi ya matokeo, posta ya rejesta hutoa risiti, na ofisini ukipeleka nakala mbili wanakugongea muhuri wa kupokea kwenye yako. Akikosa vyote, hesabu kwamba haijatumwa, na uitume mwenyewe.

Kama tapeli ameshachukua namba yako ya Social Security au akaunti yako ya mtandaoni, piga 1-800-772-1213 uombe wazuie mabadiliko ya benki na wafunge huduma za mtandaoni kwenye rekodi yako. Uteuzi wa mwakilishi unaweza kuufuta kwa maandishi yaliyosainiwa na kuwekwa tarehe, wakati wowote. Ripoti kwa ofisi ya mkaguzi wa Social Security, oig.ssa.gov au 1-800-269-0271, na uanzishe ripoti kwenye IdentityTheft.gov kama kuna hatari ya mtu kutumia utambulisho wako.

Siku 60 zikiwa zimeshapita, tuma rufaa hivyohivyo pamoja na barua ya kueleza sababu ya kuchelewa. Kanuni zinaruhusu sababu nzuri, zikiwemo ugonjwa, kutoelewa Kiingereza cha barua, na kupotoshwa. Taja tarehe uliyopata barua, nani aliahidi kuituma, ulimlipa lini, uligundua lini kwamba haikufika, na uambatishe meseji na risiti za malipo. Meseji za Kiswahili zichapishe zilivyo, usizifute wala usizifupishe.