Hita ya maji ya gesi: kabla hujauliza bei, soma kibandiko

Baridi ya Juni ikishashika kule Lushoto basi simu yangu haipoi, watu wanauliza hita za maji za gesi. Mwaka huu wamezidi, na sio wa Lushoto peke yao, wapo wa hapa Tanga mjini wenye vyumba vya wageni Raskazone, yupo kaka mmoja aliyegeuza Coaster kuwa nyumba ya kutembelea, na yupo binti mmoja wa Soni anayesimamia gesti ya shangazi yake, ambaye ujumbe wake ndio umenifanya niweke kazi zangu pembeni niandike hii. Kaandika: "Shikamoo anti, hita inachemsha vizuri tu, ila wageni wakitoka kuoga wanasema kichwa kinauma, na ukuta juu ya hita umeanza kuwa mweusi, fundi anasema ni kawaida ikiwa mpya."

Sio kawaida hata kidogo. Masizi ukutani na vichwa kuuma maana yake gesi haiungui vizuri, na gesi isipoungua vizuri inatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo ukiivuta inang'ang'ania kwenye damu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni. Usijiambie utanusa. Ile harufu ya gesi tunayoijua inatiwa makusudi ili uvujaji ujulikane, ikishapita kwenye moto haipo tena. Nimemwambia azime, afunge mtungi, wageni waogee maji ya jiko, alafu anipigie picha kibandiko cha ubavuni. Alivyonitumia tu nikajua.

Kwa hiyo kwenye mwongozo huu sitazungumzia lita ngapi kwa dakika, wala kioo cha kuonyesha joto, wala rangi ya kava, hayo muuzaji atakwambia mwenyewe hata hujamuuliza. Mi nataka uangalie kitu kimoja ambacho watu hawakiangalii kabisa, presha na aina ya gesi ambayo hita imetengenezewa. Imeandikwa pale pale kwenye kibandiko. Kwa hita za Kichina tafuta namba inayoishia na herufi Y au T. Ikiwa 20Y na pembeni 2800 Pa (Pa ni paskali, kipimo cha presha), hiyo ni ya gesi ya mtungi. Ikiwa 12T na 2000 Pa, hiyo ni ya gesi asilia, ile inayopita kwenye mabomba mtaani, na wewe wa Tanga huna bomba hilo. Dar wapo wenye nalo, gesi ya Songo Songo ilifika kule tangu 2004 na kuna nyumba zimeunganishwa, ndio maana muuzaji anakwambia kwa kujiamini kabisa "mbona Dar wanatumia hii hii". Wanaitumia kwa gesi nyingine!

Tofauti yake ni hii. Gesi ya mtungi kwa ujazo uleule ina nguvu karibu mara mbili na nusu ya gesi asilia, kwa hiyo vitundu vya nozo, pale gesi inapotokea kwenda kwenye moto, kwa hita ya gesi asilia vimetobolewa vikubwa. Chomeka mtungi kwenye vitundu hivyo, tena na regulata inayosukuma kwa presha kubwa kuliko ile 2000, gesi inamwagika nyingi hewa haitoshi, moto unakuwa wa njano mrefu badala ya bluu mfupi, masizi yanaziba mapezi ya shaba huku ndani, moshi unakosa pa kupita unarudi chumbani. Na maji yanachemka kweli kweli, ndio mtego wenyewe, mteja anaona kapata mashine. Ile ya Soni ilikuwa 12T.

Niliingia duka moja hapa mjini, silitaji, hita zimepangwa ukutani kila moja ina stika nyeupe imechapwa LPG, yani gesi ya mtungi. Moja kona ya stika imeinuka kidogo, nikaivuta kwa kucha, chini yake kibandiko cha kiwandani cha rangi ya fedha, maandishi ya Kichina, katikati 12T, 2000 Pa. Muuzaji alikuwa ananiita dada toka nimeingia, hapo hapo nikawa bibie. "Bibie unaharibu mali ya watu." Nikamuuliza nozo zimebadilishwa? Akasema gesi ni gesi.

Haya, sasa nizipange hita, kwa mapenzi yangu na sifichi.

Ya kwanza ni Truma, ya Ujerumani, ile boila inayofungwa kwenye makaravani. Hapa haipatikani mpya dukani, inatoka kwa wanaochinja magari na makaravani yaliyokuja na wageni, au uagize. Naipenda kwa sababu moja, moto wake umefungiwa. Hewa ya kuunguza inavuta kutoka nje na moshi unatoka nje kupitia tundu moja la ukutani, chumba unachooga hakihusiki kabisa na moto. Wewe ukiwa na gari la safari au banda la chumba kimoja huko Pangani, sijaona cha kuishinda. Ina lita 10 au 14 tu, na ukimaliza maji unasubiri kama nusu saa au zaidi, na inataka umeme wa volti 12, hayo nayajua na bado naipa ya kwanza. Lakini kibandiko tena! Za zamani za Ujerumani zilikuwa za milibaa 50, za sasa ni 30. Pa 100 ni milibaa moja, kwa hiyo regulata yetu ya kawaida ya kama 28 hadi 30 inakaa vizuri na mpya, ila ile ya 50 ukiipa 30 moto unakuwa dhaifu unazimika zimika, na ile ya 30 ukiipa 50 umerudi kule kule kwa binti wa Soni. Anayekuuzia spea akikwambia kibandiko kilibanduka zamani, mwachie boila yake.

Ya pili, hita ya ukutani yenye feni, kwa wenye vyumba vya wageni. Kwenye jina lake angalia herufi, JSQ maana yake feni inasukuma moshi nje kwa nguvu, JSD maana yake moshi unapanda wenyewe. Huku pwani JSD siipendi, kusi ikivuma na bomba la moshi limetazama bahari, upepo unaingia na kurudisha moshi ndani, na wajenzi wetu wanapenda kutolea bomba upande wa bahari maana ndio upande wenye nafasi. Chukua JSQ ya 20Y, bomba lake la bati liwe linatoka nje kabisa, sio linaishia kwenye dari eti halionekani. Umeme ukikatika haiwaki, na ndivyo inavyotakiwa.

Hapo hapo niseme la mafundi. Hita ikiwa inazima zima fundi wa kwetu haulizi kwa nini, anaunganisha nyaya mbili anaruka kihisi, kile kifaa cha usalama kinachozima hita, "nimekutolea usumbufu". Japani wanalijua hili kwa machozi. Hita za kampuni ya Paloma, kati ya 1985 na 2005, watu 21 walikufa kwa kaboni monoksaidi, na kwenye ajali nyingi kati ya hizo ilikutwa waya umeunganishwa kukiruka kifaa cha usalama, hita ikawa inawaka hata feni ikiwa haizunguki. Hiyo ni Japani, kwenye mafundi wa kampuni na vyeti. Hita inayozima inakwambia kitu. Lipa fundi atafute ni nini.

Ya tatu, Suburban na Atwood, za kwenye makaravani ya Wamarekani, hizi nazo zinakuja kwa kuchinjwa. Ya galoni 6 inabeba kama lita 23, familia inaoga. Presha yao wanaiandika kwa inchi za maji, 11, ambayo ni kama milibaa 27, kwa hiyo na regulata yetu hazigombani. Malalamiko ya Wamarekani wenyewe ni mengi na mengine yanatuhusu moja kwa moja. Manyigu wa udongo wanajenga ndani ya bomba la moto na la moshi, gari likikaa mwezi tu tundu limezibwa, ukiwasha moto unarudi mbele na kuunguza kava. Huku kwetu manyigu tunao wa kutosha, kwa hiyo kabla ya kuwasha fungua kile kimlango cha nje, mulika na tochi, ukiona udongo uchokoe wote. Suburban ina tangi la chuma na ndani inakaa fimbo ya magnesiamu inayoliwa na kutu badala ya tangi, na kwa maji ya visima vya huku yenye chumvi inaliwa haraka, mwenye kuuza karibu kila mara fimbo imeshabaki waya mtupu. Ichomoe umwangalie usoni. Ila kama hita ilikuwa imewashwa ngoja ipoe na presha itoke kwanza, yale maji yanaunguza vibaya. Atwood, ambayo toka 2014 ni ya Dometic, tangi lake la alumini haliweki fimbo, mtu asikuuzie fimbo ya Atwood. Na ile valvu ya pembeni yenye kikono inayodondosha matone usiizibe na plagi, nimeona imezibwa na plagi ya bomba la nusu inchi, yani tangi la maji ya moto halina pa kupumulia.

Ya nne, zile ndogo za kubeba za lita 5 kwa dakika, Eccotemp L5 na Camplux. Ni nzuri, zinawaka kwa betri mbili kubwa, lakini ni za NJE. Kampuni zenyewe zimeandika nje tu, hazina bomba la moshi, na bado watu wanazitundika bafuni kwa sababu kwenye picha ya muuzaji imetundikwa kwenye vigae. Regulata inayokuja nayo ni ya Kimarekani, haikai kwenye mitungi yetu, utanunua nyingine na usikubali ile ya presha kubwa ya majiko ya mama lishe. Eccotemp inataka maji yaje na presha ya kama psi 20 (psi ni kipimo cha presha cha Wamarekani), simtanki lako kwenye mnara wa mita tatu linatoa kama 4 tu, kwa hiyo hesabu na pampu.

Za bei ya chini kabisa zisizo na jina wala bomba la moshi: usinunue. China wenyewe walipiga marufuku kuzitengeneza toka 1999.

Bei sasa. Siziandiki kwa sababu hakuna anayeziandika, kila picha "bei njoo inbox", ukienda inbox unaulizwa uko wapi, ukisema una gesti bei imepanda. Nimemtuma mdogo wangu wa Makorora kuulizia hita ile ile siku ile ile, kapewa bei ya chini kuliko mimi. Risiti ukiomba wanakuandikia kwenye kikaratasi "mali ikiuzwa hairudi". Jamani, kuna Sheria ya Ushindani ya 2003, inamlinda mlaji, na bidhaa iliyobandikwa stika ya uongo juu ya kibandiko cha kiwanda una haki ya kuilalamikia kwa FCC, yani Tume ya Ushindani, na kwa TBS pia, shirika la viwango. Dai risiti yenye modeli na neno 20Y limeandikwa humo. Ukiona mtu anakataa kuandika herufi mbili tatu za kwenye bidhaa yake mwenyewe, jibu umeshapata.

Wengine mmeniuliza habari ya mtungi kutoa jasho na barafu kule Lushoto. Hita ya ukutani ya kama kilowati 20 inakula kilo moja na nusu ya gesi kwa saa ikiwa wazi mwisho. Mtungi wa kilo 6 hauwezi kugeuza gesi iliyo kimiminika ndani yake kuwa hewa kwa kasi hiyo kwenye baridi, unapoa, presha inashuka, moto unazima mtu ana sabuni kichwani, alafu lawama kwa hita. Wekeni wa kilo 15, au 38 kama mna vyumba vingi, usimame nje kwenye kivuli chenye hewa na usiwe shimoni maana gesi hii ni nzito inatuama chini. Na msiumwagie maji ya moto kuuamsha, nimeshaona gesti wanafanya hivyo.