Young Driver ya Uingereza: je, inafaa kumlipia mtoto somo la udereva kabla hajafika miaka 17?

Kwa mtoto wa miaka 15 au 16, inafaa. Mlipie, tena saa nzima na si nusu saa. Kwa mtoto wa miaka 10 au 11, ihesabu kama zawadi ya sikukuu: atafurahi sana, lakini usitarajie kwamba akifika 17 utakuwa umeokoa hela. Huo ndio uamuzi wetu, na sababu zake zimo kwenye urefu wa mguu, kwenye klachi na kwenye hesabu ya pauni.

Young Driver ilianza mwaka 2009. Inafundisha watoto wa miaka 10 hadi 17 kuendesha gari halisi ndani ya viwanja vilivyotengwa, mara nyingi maegesho makubwa ya kumbi za maonyesho na maduka, ambako wamepanga barabara, njia panda, alama na kipilefti. Sharti jingine ni urefu: mtoto awe na angalau mita 1.42. Gari lina pedali pacha, na anayekaa pembeni ni mwalimu aliyeidhinishwa na DVSA, mamlaka ya serikali inayosimamia mitihani ya udereva. Wadogo zaidi wana kigari chao cha umeme cha viti viwili, ambacho ni mchezo mzuri na hatukijadili hapa.

Wazazi wengi wa kwetu wanaoishi Leicester, Birmingham au London huuliza swali moja: kwa nini nilipe, na maegesho ya supamaketi yako wazi Jumapili usiku? Jibu ni la kisheria, na ni zito. Uingereza inadai bima barabarani na pia mahali pengine popote ambapo watu huingia. Maegesho ya supamaketi yamo humo hata kama hakuna gari jingine hata moja. Mtoto wa miaka 14 hana leseni, kwa hiyo bima yako haimhusu. Adhabu ya papo kwa papo ya kuendesha bila bima ni pauni 300 na pointi 6 za makosa kwenye leseni, polisi wanaweza kulichukua gari, na wewe uliyempa ufunguo una kosa lako la kuruhusu. Mtoto naye anaweza kuwekewa pointi kwenye kumbukumbu kabla hajaishika leseni yake ya kwanza. Shamba la mtu binafsi lenye geti lililofungwa ni jambo jingine kisheria, ila huko humpi mtoto pedali pacha.

Kuhusu kumpakata mtoto ashike usukani, ambako kwetu wengi tumekuzoea tangu nyumbani, tunasema wazi: acheni. Mfuko wa hewa umekaa katikati ya usukani, na unafumuka kwa sehemu ndogo ya sekunde. Dereva mtu mzima anashauriwa kuacha angalau sentimita 25 kati ya kifua chake na usukani. Mtoto aliyepakatwa kichwa chake kiko hapo hapo unapotokea mfuko, na nyuma yake kuna mwili wako wote unaomsukuma mbele. Hata kwa mwendo wa kuingia geti la nyumba, hatari hiyo haina sababu.

Sasa tuangalie unacholipia. Pedali pacha ni breki na klachi upande wa mwalimu, zilizounganishwa kwa vyuma au kebo na pedali za mwanafunzi. Mwalimu akikanyaga, ile ya mtoto inazama pia. Kwa kawaida hakuna pedali ya mafuta upande wa pili, na wazazi hushtuka wakisikia hivyo: je, mtoto akikanyaga mafuta mpaka chini kwa hofu? Mwalimu anakanyaga klachi. Injini itanguruma sana, lakini nguvu haifiki tena kwenye magurudumu, kisha breki inamaliza kazi. Kwenye oto, yaani gari linalobadili gia lenyewe, au gari la umeme hakuna klachi ya kukata nguvu, kwa hiyo mwalimu anategemea breki peke yake, na lazima awahi zaidi. Hii ni sababu moja inayotufanya tupendekeze gari la gia kwa somo la mwanzo. Uliza ni gari gani utakalopewa wakati unaweka nafasi.

Kipimo cha ubora wa somo hili ni dakika tano za mwanzo, gari likiwa limezimwa. Mwalimu mzuri haruhusu ufunguo uguswe kabla mtoto hajapita mpangilio huu: milango, kiti, usukani, mkanda, vioo. Kiti ndicho chenye kazi. Mtoto akanyage klachi mpaka mwisho kwa mguu wa kushoto; goti libaki limekunjika kidogo. Likinyooka kabisa, kiti kiko mbali. Kisha aegemee vizuri na kunyoosha mikono: vifundo vya mikono vifike juu ya duara la usukani bila mabega kubanduka kwenye kiti.

Hapa ndipo mtoto wa mita 1.42 anapopata shida. Ukivuta kiti mbele ili mguu ufike, kifua kinasogea karibu mno na usukani. Ukikirudisha ili kifua kipumue, mguu haufiki. Suluhisho ni kuinua kiti, kusimamisha zaidi mgongo wa kiti na kushusha usukani, na bado mtoto mfupi anaendesha akiwa amekaa kwenye ncha. Umri wa miaka 10 unamruhusu, urefu unamruhusu, lakini mwili haujalitosha gari. Mwenye mita 1.55 na kuendelea anakaa kama dereva. Tofauti hiyo utaiona hata ukiwa umesimama nje ya uzio.

Baada ya hapo inakuja klachi, na dakika nyingi za somo la kwanza zinaliwa nayo. Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Klachi chini kabisa, gia namba moja. Mguu wa kulia uongeze mafuta kidogo, sindano ya mizunguko ya injini ifike kama 1,500 kwa dakika, halafu utulie pale pale. Mguu wa kushoto uachie polepole sana mpaka mlio wa injini ushuke na boneti ijiinue kidogo. Hapo klachi imeanza kukamata. Mguu usimame hapo hapo, usiende juu wala chini. Vioo vyote, pamoja na kugeuza kichwa kuangalia begani. Handibreki ishuke, gari lianze kujisogeza, ahesabu mbili kimoyomoyo, ndipo amalizie kuachia. Magari mengi madogo ya petroli ya siku hizi yanaweza kuondoka kwenye uwanja tambarare bila kuguswa mafuta, na walimu wengine huanzia hapo ili mtoto aushughulikie mguu mmoja tu. Tunaupenda mtindo huo.

Gari likizima, chanzo karibu kila mara ni kisigino. Mtu mzima huachia klachi kwa kukunja kifundo cha mguu, kisigino kikiwa kimegusa sakafu au karibu nayo. Mtoto mwenye mguu mfupi kisigino chake kinaelea, kwa hiyo anainua paja lote, na pedali inaruka badala ya kupanda. Kumwambia "taratibu" mara kumi hakusaidii; kusogeza kiti sentimita tatu kunasaidia. Viatu navyo vina lawama: raba zenye soli nene zinaua hisia za mguu, kandambili zinanasa chini ya pedali. Mvalishe kiatu chepesi cha soli nyembamba kilichofungwa.

Watoto waliozoea gokati (vigari vidogo vya mashindano) au magemu ya gari huja na kasoro yao. Wamezoea breki kwa mguu wa kushoto. Kwenye gari la gia mguu huo umezoeshwa kuzamisha klachi mpaka chini, kwa hiyo ukienda kwenye breki unaibamiza, na wote ndani ya gari wanaenda mbele. Mwambieni mwalimu mapema kama mtoto anacheza gokati. Kasoro nyingine ni macho. Anayeanza huangalia boneti, na gari linayumba kama nyoka kwa sababu kila kosa analiona limeshatokea. Akiinua macho aangalie mwisho wa barabara, usukani unatulia ndani ya dakika chache. Ukiwa umeruhusiwa kukaa kiti cha nyuma, nyamaza. Mtoto anayesikia sauti mbili hugeuza kichwa kuelekea ya mzazi, na miguu inasahau.

Bei ndiyo sehemu isiyoturidhisha. Viwango hubadilika, lakini nusu saa imekuwa ikipita pauni 40. Kijana wa miaka 17 anayejifunza barabarani sehemu nyingi analipa kati ya pauni 35 na 45 kwa saa nzima. Kwa hiyo saa moja kabla ya umri inakugharimu karibu kama saa mbili baada ya umri. Tena ndani ya nusu saa, ukitoa mpangilio wa mwanzo na maelezo ya mwisho, gari linatembea dakika 20 tu. Saa nzima inampa mtoto muda wa kuzimisha gari, kukasirika, kutulia na kulipatia, na mafunzo yenyewe yako kwenye hatua hiyo ya mwisho. Zaidi ya saa moja kwa mkupuo hatupendekezi. Mguu wa kushoto unachoka na makosa yanarudi.

Je, kuanza mapema kunapunguza ajali? Ushahidi mzuri tunaoujua unatoka Sweden. Mwaka 1993 nchi hiyo ilishusha umri wa kuanza mazoezi kutoka miaka 17 na nusu hadi 16, huku leseni ikibaki miaka 18. Vijana walioitumia nafasi hiyo walifanya mazoezi wastani wa saa 118, ilhali vijana wa kabla ya mabadiliko hayo walifanya kati ya 41 na 47, na hatari yao ya ajali baada ya leseni ilishuka kwa takriban asilimia 40. Angalia kilichofanya kazi: saa zaidi ya mia moja, barabarani, pamoja na mtu mzima. Si nusu saa mbili kwenye maegesho. Norway nako walijifunza upande wa pili: mafunzo ya kumudu gari kwenye utelezi yaliyofanywa ya lazima tangu 1979 yalifuatiwa na ajali nyingi zaidi kwa vijana wa kiume, kwa kuwa walijiamini kuliko uwezo wao. Mtoto anayetoka uwanjani akisema "nimeshajua gari" anahitaji kuambiwa siku hiyo hiyo kwamba amejua pedali tu. Watembea kwa miguu, baiskeli, mvua, giza na dereva mwenye haraka nyuma yake hajakutana nao bado.

Kwa familia inayotaka saa nyingi, tunaona Under 17 Car Club ni bora. Ni klabu ya kujitolea iliyoanza mwaka 1976, watoto hupanda madaraja hatua kwa hatua kwenye viwanja vya faragha, na mzazi anashiriki mwenyewe katika kufundisha. Inadai muda wa wikendi na safari ndefu, na si kila mzazi mwenye zamu za Jumamosi ataweza. Lakini inajenga mazoea, na inamfundisha mzazi kukaa kiti cha abiria bila kupiga kelele.

Neno kwa wanaorudi nyumbani likizo. Kumaliza masomo haya hakumpi mtoto ruhusa yoyote, Uingereza wala kwingine. Tanzania na Kenya umri wa kuendesha gari ni miaka 18. Kijana wa miaka 16 aliyefundishwa uwanjani Birmingham, akipewa ufunguo na mjomba Tanga au Mombasa, ni mtoto asiye na leseni wala bima, tena kwenye barabara yenye bodaboda ambazo uwanja ule haukuwa nazo.

Ukiamua kulipia, tungeupanga mpango hivi: masomo mawili au matatu ya saa moja, yakiwa karibu na miaka 17 iwezekanavyo, yasiachane zaidi ya wiki tatu, maana mguu husahau haraka. Mtoto akifika miaka 15 na miezi 9 anaweza kuomba leseni ya muda, yaani ya mwanafunzi, kwa pauni 34 mtandaoni, ingawa gari ataliendesha barabarani akifika 17, au 16 kama anapata PIP (posho ya serikali kwa wenye ulemavu) ya kiwango cha juu kwa ajili ya shida ya kutembea. Akishafika, mtu wa kumsimamia awe na miaka 21 au zaidi na leseni ya angalau miaka 3. Katikati ya masomo, mfanye asome barabara kwa sauti akiwa abiria: "taa imekuwa njano, yule mama anataka kuvuka, gari lile linaashiria kushoto." Dakika kumi kila siku njiani kwenda shule hazina gharama, na zinafundisha kile ambacho uwanja uliofungwa hauwezi.

Kabla ya kulipa, mpime mtoto ukutani akiwa peku. Kama hajafika mita 1.50, subiri.