Mafuta ya mwarobaini kwa mbwa mwenye kupe na upele: yanafaa wapi na yanaishia wapi

Mbwa akianza kujikuna mpaka manyoya yananyonyoka, wengi hukimbilia kwanza chupa ya mafuta ya mwarobaini, ile inayouzwa maduka ya dawa asili na baadhi ya agroveti. Kwa ngozi tunayasifu. Kwa kupe ni ya wastani. Kwa homa ya kupe hayana kazi yoyote, na hapo ndipo mbwa wengi wanapopotea, kwa sababu mwenye mbwa anaendelea kupaka huku ugonjwa uko kwenye damu.

Kwanza hakikisha umeuziwa mafuta yenyewe. Yaliyokamuliwa kutoka kwenye mbegu bila moto yana rangi ya hudhurungi iliyokaribia kijani, ni mazito, na ukifungua kifuniko yanakupiga kwa harufu kali kama ya kitunguu saumu. Usiku wa baridi wa Arusha au Limuru huganda kama samli. Hiyo ni dalili njema. Yakiwa mepesi, maangavu na yananukia vizuri, yamechanganywa na mafuta ya kupikia, au ni majani tu yaliyolowekwa. Azadirachtin, kemikali inayomfanya mdudu ashindwe kula na kujivua gamba, imejaa zaidi kwenye mbegu kuliko kwenye majani.

Usipake yakiwa matupu. Changanya kijiko kimoja cha chai (mililita 5) na vijiko 10 vya mafuta ya nazi. Yakiganda, isimamishe chupa kwenye maji ya uvuguvugu. Ukiyaweka jikoni moto unaiua ile kemikali. Jaribu sehemu ndogo kama sarafu kwenye paja la ndani, subiri saa 24. Pakiwa pekundu au pamevimba, acha kabisa.

Mwogeshe kwa sabuni isiyo kali, mkaushe, kisha tenganisha manyoya kwa vidole ili mafuta yafike kwenye ngozi: kwapani, katikati ya vidole, chini ya mkia, kwenye mikunjo ya masikio bila kuingiza tundu la sikio, na chini ya mkanda wa shingo ambako kupe hupenda kujibanza. Fanya jioni, kwa kuwa jua huidhoofisha dawa haraka. Mara 2 kwa wiki zinatosha. Mtembeze nusu saa baada ya kupaka asipate nafasi ya kujilamba. Akiyameza mengi atatapika na kutokwa mapovu. Mbwa mwenye mimba, watoto wa chini ya miezi 3, na nyumba ambayo paka hulala naye pamoja: waepushe nayo.

Ya kunyunyiza ndiyo watu hukosea zaidi. Mafuta na maji havishikani. Bila sabuni, mafuta yanaelea juu, bomba linanyonya kutoka chini, basi mbwa anapata maji matupu mwanzoni na mafuta makali mwishoni. Tia mililita 10 za mafuta kwenye kikombe pamoja na nusu kijiko cha chai cha sabuni ya maji, koroga mpaka yawe meupe kama maziwa, ndipo uongeze maji ya uvuguvugu hadi lita 1. Tikisa kila baada ya kunyunyiza mara chache. Yatumie siku hiyohiyo, yakilala yanapungua nguvu.

Sasa kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa hashindi mwilini maisha yake yote. Hushuka mara tatu, hupanda ukuta, hujificha kwenye nyufa za banda, na jike mmoja hutaga mayai hata elfu kadhaa. Ukimpaka mbwa ukaliacha banda, unafanya kazi ya bure. Ziba nyufa kwa saruji, fua matandiko kwa maji ya moto kila wiki, nyunyizia kuta mpaka usawa wa dari. Kupe aliyekwisha kung'ata mng'oe kwa kibano, ukimshika karibu na ngozi na kuvuta moja kwa moja, halafu mtie kwenye spiriti. Usimpake mafuta ya taa. Na kwa upele, tafadhali, usimpake mbwa oili chafu ya gari: inaunguza ngozi na kila anapojilamba anameza sumu.

Upele wenye magamba magumu kwenye kingo za masikio na viwiko mara nyingi ni utitiri. Mwarobaini hulainisha magamba na kupunguza mwasho, lakini utitiri wenyewe unahitaji dawa ya daktari. Sindano ya ivermectin ya ng'ombe msijipimie nyumbani. Mbwa wa aina ya Collie na jamii zake, na baadhi ya German Shepherd, hushindwa kuihimili, nayo huingia kwenye ubongo.

Kila asubuhi inua mdomo wa juu utazame fizi. Ziwe za waridi na zenye unyevu. Ukizibonyeza, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Zikiwa nyeupe au za njano, mkojo ukawa kama kahawa, pua ikatoka damu, au joto la mwili likapita nyuzi 39.5 za selsiasi, ondoka nyumbani siku hiyo. Damu ikapimwe kwa hadubini: hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, na kliniki ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete hufanya kazi hiyo. Erlikia, aina moja ya homa ya kupe, hutibiwa kwa antibiotiki ya doksisaiklini, kwa kawaida siku 28, na watu huiacha siku ya 7 mbwa akishachangamka, kisha ugonjwa unarudi. Babesia, aina nyingine ya homa ya kupe, ina dawa yake nyingine. Ile ya ng'ombe yenye diminazene ina nafasi ndogo sana kati ya kutibu na kuharibu ubongo, na sindano ya pili iliyowahi inaweza kumuua.

Kitunguu saumu kwenye chakula ili kufukuza kupe tunakikataa waziwazi. Huvunja chembe nyekundu za damu, kazi ileile inayofanywa na babesia. Mbwa mwenye homa ya kupe akilishwa saumu anapungukiwa damu kutoka pande mbili.

Chakula ndicho kinachorudisha manyoya. Ugali peke yake haumtoshi. Ongeza dagaa waliooshwa mara mbili kuondoa mchanga na chumvi, yai lililochemshwa, na kijiko cha chai cha mafuta ya nazi kwa mbwa wa kilo 20; ukizidisha ataharisha.

Mbwa wa ukubwa huo hutumia kama mililita 4 za mwarobaini kwa wiki kwa kupaka, na 10 za kunyunyizia. Chupa ya mililita 100 inakwenda wiki 7 hivi. Chagua ya kioo cheusi, uiweke kabatini mbali na dirisha.