Mjerumani wa mkono wa pili: hesabu yangu kati ya Nakuru na Kisumu

Nianze na bei ya gari langu la Kijerumani, maana hata sijafunga mlango watu huwa wameshaiuliza. Nilitoa shilingi 1,850,000, Machi 2023, kwa mtu wa Nairobi aliyekuwa ameliagiza kutoka Japani miaka miwili kabla. Ni sedani ya mwaka 2014, injini ya lita mbili yenye tabo, gia otomatiki za hatua nane, viti vya ngozi nyeusi, kilomita 71,000 kwenye dashibodi. Kampuni sitaitaja. Wajerumani wanaosifika kwa sedani za wakubwa ni watatu, wewe kisia, na mengi nitakayosema yanawahusu wote.

Leo linasoma 118,000. Naishi Nakuru, nina duka la vifaa vya ujenzi, na kwetu ni Vihiga, kwa hiyo barabara ya Kericho na Kisumu naipita karibu kila mwezi. Kazi za dukani nazifanya na Probox, Toyota ya kubebea mizigo. Mjerumani ni wa safari, wa kanisa, na wa harusi za watu ambao hata sikualikwa kwenye kamati zao.

Ninachotamani mtu angenieleza mapema ni hiki: gari hushuka bei kila mwaka, lakini spea zake hazina habari kwamba limezeeka. Nilinunua kwa pesa ya Toyota ya kawaida, nikadhani na matunzo yatakuwa ya Toyota ya kawaida. Taa moja ya mbele, tena iliyotumika, pale Grogan, soko la spea Nairobi, niliambiwa elfu sitini. Nilidhani muuzaji anataja jozi.

Kuna na jambo la umri. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na kwa sababu jipya zaidi lina bei kali, wengi tunaletewa yaliyo na miaka saba au inayokaribia minane. Chuma cha Mjerumani kwa umri huo bado kijana. Plastiki na mipira ndivyo vinavyoanza kuzeeka, na katika injini hizi plastiki ni nyingi: mabomba ya kulanti (maji ya kupoza injini), tangi lake, kifuniko cha juu cha injini, nyumba ya thamostati. Joto huvipika miaka nenda miaka rudi mpaka vinakuwa kama biskuti. Japani gari lilitunzwa vizuri, siwezi kubisha, ila kutunzwa hakuzuii plastiki kuhesabu miaka.

Mimi somo hilo nililipata Sachang'wan, Agosti ya mwaka uleule.

Nilikuwa natoka Nakuru kwenda nyumbani, nimepita Salgaa, mlima umeanza, malori yamejipanga mbele yangu yakipumua moshi. Ghafla skrini ikalia, ikatokea picha nyekundu ya gari na mistari miwili ya maandishi. Ya Kijapani. Miezi mitano nzima nilikuwa nimeendesha gari lenye skrini ya Kijapani na sikuwahi kujisumbua, kwa sababu mwenye wa kwanza aliniambia "utazoea." Nilikuwa nimezoea kweli. Redio ilikuwa inakomea FM 90, kama redio za Japani, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, nikazoea kusikiliza simu. Sasa hapo kwenye mlima, sijui naambiwa nifunge mkanda au injini inakufa.

Nikatoka kando ya barabara, nikaelekeza kamera ya simu kwenye skrini ili initafsirie. Ikasema injini imepata joto kupita kiasi, simamisha gari kwa uangalifu. Nilikuwa nimeshalisimamisha, asante.

Kijana mmoja akaja mbio na mtungi wa maji ya mtoni. "Bosi, fungua tumwagie ipoe!" Nusura nimsikie. Dereva wa lori aliyekuwa amesimama mbele yangu kukagua breki ndiye aliyepaza sauti: "Usifungue hiyo kitu, itakutoa uso! Na hiyo maji baridi itakupasulia hedi ya injini." Hakuongeza neno, akarudi chini ya trela lake. Mzee yule hajui, lakini aliniokolea pengine laki mbili.

Injini hii haina pampu ya maji inayozungushwa na mkanda kama zile tulizozoea. Pampu yake ni ya umeme, ina mota yake na kompyuta inayoiamrisha. Faida ni kwamba huzunguka kwa kadiri injini inavyohitaji. Hasara ni kwamba yangu haikutoa dalili: haikulia, haikuvuja, ilisimama tu. Na kwa kuwa gari la otomatiki halivutwi kwa kamba huku magurudumu yanayoendesha yakizunguka, lilibebwa mgongoni mwa bredauni mpaka Nakuru. Elfu tisa, baada ya kubembelezana.

Fundi wangu yuko mtaa wa Shabab, hapa Nakuru. Nilimpata kwa kuulizia wenye magari ya aina hii kanisani na sokoni. Watatu walimtaja yeye bila kupangana. Aliniuliza swali moja: "Mzee, uliendesha mbali baada ya taa kuwaka?" Nikasema mita mia moja, labda mia mbili. Akatikisa kichwa, akasema basi tuko sawa.

Alichofanya baada ya kufunga pampu mpya ndicho kilichonifanya nimwamini. Alijaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyoondolewa chumvichumvi, siyo ya bomba, kwa sababu ya bomba yanazo na huganda ndani. Kisha hakuwasha injini. Aliwasha umeme wa gari tu, akaweka hita kwenye joto la mwisho na feni ya chini kabisa, akakanyaga mafuta mpaka sakafuni akahesabu kumi, akaachilia. Pampu ikaanza kuvuma yenyewe. "Sasa tunangoja dakika 12," akasema, akavuta mkebe akaketi. Tulikaa hivyo, saa saba ya mchana, hita inachemka, yeye ameinamisha sikio upande wa pampu, akinionyesha kwa kidole kila hewa ilipotoka na mlio ukabadilika. Fundi asiyejua jambo hilo huacha hewa ndani, gari likapata joto tena kesho, ukaambiwa pampu uliyonunua ni feki. Pampu na thamostati vilinila elfu thelathini na nane, mkono wake elfu sita.

Tukiwa tunangoja, kijana anayejifunza kazi kwake aliingia ndani, akabofya mara nne au tano kwenye kile kitufe cha kuzungusha, skrini ikageuka Kiingereza. Chaguo lilikuwemo siku zote. Mama watoto huwasimulia wageni hadithi hii kabla ya chai kumiminwa.

Sasa uzuri wake, maana nisije nikaonekana nalia tu. Kuteremka kutoka Mau Summit kurudi Salgaa usiku, mvua inanyesha, hakuna gari nimewahi kuendesha lililonipa utulivu ule. Breki zinashika bila kuyumbisha usukani. Taa hugeuka na kona. Ukitaka kumpita mtu huhitaji kujadiliana na injini. Unakanyaga, linaenda, unarudi upande wako. Nakuru mpaka Kisumu ni kilomita 180 na ushee, na nikishuka Kondele mgongo huwa haujui kwamba umesafiri. Kwa Probox safari hiyohiyo hunidai kidonge cha kichwa. Mlango nao, ule mlio wake ukifungwa, mzito na mfupi. Najua ni utoto, lakini huwa nafunga mara mbili.

Mafuta si mabaya kama wanavyosema. Mjini Nakuru napata kilomita 9 kwa lita, safarini 13 na wakati mwingine 14 nikitulia. Oktoba 2023, petroli ilipofika shilingi 217 Nairobi, nililifunika turubai wiki tatu. Kibandiko ndani ya kifuniko cha tangi kinataka petroli ya oktani ya juu, na hapa utaipata kwenye vituo vichache vikubwa. Mimi huweka ile ya juu nikisafiri, ya kawaida nikizunguka mjini, na nimejizuia kununua kwenye vituo vya vichochoroni hata ikiwa bei imepungua shilingi tano.

Tairi zilinishangaza. Lilikuja na zile zinazoendelea kutembea hata zikitoboka, za ukuta mgumu, kilomita 80 hivi kwa mwendo usiozidi 80, ndiyo maana kwenye buti hakuna tairi ya akiba wala jeki. Kwa lami ya Ujerumani ni wazo zuri sana. Kwa mashimo ya Kaptembwo ule ukuta mgumu hausamehe: kila shimo lilipanda moja kwa moja kwenye rimu na kwenye uti wangu. Nilipinda rimu mbili mwaka wa kwanza. Nikabadilisha zote nne nikaweka tairi za kawaida, elfu kumi na tano kila moja, nikatafuta rimu ya tano na jeki. Gari likawa laini ajabu. Nashauri kila mtu afanye hivyo siku ya kwanza, ila usitembee bila akiba halafu ukanilaumu.

Chini yake, bushi na mikono inayoshikilia magurudumu ya mbele nimebadilisha mara moja, pamoja na shokomzoba, elfu mia moja na kumi kwa jumla. Hapo nilikosea kununua mkono mmoja uliotumika, wa kutoka Uingereza. Bei ilikuwa nusu. Kule wakati wa baridi humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula vyuma vya chini. Boliti ilikatika ikiwa mkononi mwa fundi, akaniangalia bila kusema kitu. Vitu vya ndani kutoka Uingereza nanunua: viti, vitufe, vioo. Vya chini, hapana.

Kuna gereji moja mjini, jina nitalihifadhi, niliyoipitia siku fundi wangu alipokuwa msibani. Taa ya cheki injini ilikuwa imewaka. Wakachomeka mashine, ikasema sensa ya oksijeni inaona hewa nyingi kuliko petroli. Wakaniuzia sensa, elfu kumi na nane. Siku ya tatu taa ikarudi. Fundi wa Shabab aliporejea alipuliza moshi kwenye mfumo wa hewa kwa kifaa chake, moshi ukachungulia kwenye bomba la mpira lililopasuka ufa wa urefu wa ukucha. Bomba, shilingi 2,500. Sensa ilikuwa inasema kweli muda wote. Ilikuwa inaona hewa iliyoingia kwa mlango wa nyuma. Mashine haikutaja kifaa kilichokufa, ilitaja kilichoonekana, na hapo ndipo pesa za wenye magari haya hupotelea: unabadilishiwa shahidi badala ya mwizi.

Oili, kwa kifupi. Dashibodi itakwambia una zaidi ya kilomita elfu ishirini kabla ya sevisi. Usiisikilize. Kwa vumbi letu na msongamano wa Kenyatta Avenue, mimi namwaga kila elfu nane, oili ya viwango vilivyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na bado kifuniko cha juu cha injini kilivuja nikakibadilisha.

Daftari langu, ukiondoa petroli na bima, linakaribia shilingi laki tano tangu nilinunue. Ni robo ya bei ya gari na zaidi kidogo. Aliye na milioni mbili kamili mfukoni na akataka gari la milioni mbili, mimi nitamwambia aliache hili. Aliye na milioni mbili na akanunua la milioni moja na nusu, hiyo laki tano akaifungia mahali ambapo hata yeye haifikii, huyo tutakutana Salgaa tukipigiana honi.

Gharama ambayo haimo daftarini ni ya heshima. Kijijini mchango wangu wa mazishi ulipanda mara dufu mwezi niliofika na gari hili, na sikupandishwa cheo popote. Mama anayeniuzia mchele Ahero, nikija na Probox ananiita "mwanangu" na kunijazia kidogo juu ya kipimo. Nikija na Mjerumani naitwa "mheshimiwa" na kipimo kinafutwa kwa ubao.

Kilichobaki sasa ni oili ya gia boksi. Kitabu cha gari kinasema ni ya maisha, lakini ZF, waliotengeneza gia boksi yenyewe, wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, na mimi niko 118,000. Chujio limeungana na sinia la plastiki la chini, huwezi kununua moja bila jingine. Pamoja na oili yake ni elfu arobaini na nane. Sinia limefika juzi kutoka Nairobi kwa basi. Liko nyuma ya kaunta ya duka ndani ya boksi lake, mama watoto ameegemezea ufagio, na kila mteja akiuliza hicho ni nini anajibu kuwa ni karo ya muhula wa pili.